Baba kuzaliwa 1972 si kosa

Jumapili usiku, hosteli. Umeme upo, maji hakuna.

Najua nimepotea. Wiki tatu nzima sijaandika hata mstari, na kuna walionitumia ujumbe kuuliza kama nimelazwa au nimekamatwa na sapu. Hapana jamani, mzima wa afya, na sapu sina (bado). Nilikuwa nakimbizana na karatasi.

Mnakumbuka ile safari niliyowaambia, ya kwenda kusoma mwaka mmoja Ujerumani kwa mpango wa kubadilishana wanafunzi? Jina langu lilitoka, barua ninayo mkononi, na kule masomo yanaanza mwezi wa kumi. Kilichobaki, kwa mujibu wa tangazo lililobandikwa ubaoni pale idarani, ni "kuandaa nyaraka". Maneno mawili tu. Leo nataka nigombane na hayo maneno mawili, na pia nigombane kidogo na mshkaji wangu wa chumba. Anajua, nimemwambia, na amesema niandike tu.

Tangazo lina orodha. Pasipoti, barua ya udahili, ushahidi wa fedha za kujikimu, bima ya afya, picha, vyeti vya shule, kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Chini wameweka kwa herufi nene: ANZA MAPEMA. Ushauri mzuri, sina ugomvi nao. Ugomvi wangu ni hapo mwanzo, pale pasipoti ilipoandikwa ya kwanza kana kwamba ni kitu unachokwenda kukichukua dukani halafu unarudi kuendelea na namba mbili. Kwa mwenzangu wa chumba ilikuwa hivyo kweli. Yeye ni mtoto wa Dar, baba yake mtumishi, mama yake mtumishi, vyeti vya kuzaliwa vya familia nzima vimewekwa kwenye faili moja la plastiki, hadi cha babu. Alijaza fomu mtandaoni, akalipia, akaenda kupiga picha na kuweka vidole, akarudi na kitabu chake cha buluu. Halafu akaniangalia mimi na bahasha yangu ya kaki iliyovimba, akasema maneno ambayo ndiyo yamenifanya nikae hapa usiku huu: "Nyie watu wa Kigoma mnapenda sana kulalamika. Karatasi ni karatasi tu kaka. Uzembe huo."

Sawa. Tuanze na huo uzembe.

Kwa wasiojua, pasipoti ya kielektroniki ilizinduliwa Januari 2018, na ada yake ni shilingi 150,000. Unalipa 20,000 mwanzo, halafu 130,000. Unatakiwa uwe na cheti chako cha kuzaliwa, kitambulisho cha taifa au namba yake, ushahidi wa safari, na... hapa ndipo penye mwiba... cheti cha kuzaliwa cha mzazi au kiapo kinachothibitisha kuzaliwa kwake.

Cheti changu mimi ninacho. Bila hicho nisingepata bumu, maana Bodi ya Mikopo inataka cheti kilichohakikiwa na RITA, na changu kilihakikiwa. Namba ya NIDA ninayo. Ushahidi wa safari ninao, una muhuri wa chuo cha huko na wa hapa. Asiyekuwa na cheti ni baba.

Sasa baba yangu ni mzembe? Baba alizaliwa kwenye vilima vya Kasulu mwaka 1972. Hakuzaliwa hospitali, alizaliwa njiani. Huo ndio mwaka wa Operesheni Kigoma, watu walipokuwa wanahamishwa kutoka kwenye migomba yao kwenda kwenye vijiji vipya, na bibi yangu anasema uchungu ulimkamata wakati babu anabomoa paa la nyumba ya zamani ili wabebe nguzo. Mkunga alikuwa jirani. Hakuna aliyewaza kutafuta ofisi ya vizazi na vifo katikati ya kuhama, na hata angewaza, angeenda wapi? Na bibi mwenyewe alizaliwa enzi za Mwingereza. Wakati ule sheria ya kuandikisha vizazi iliwalazimisha Wazungu na Waasia. Mwafrika ilikuwa akipenda. Serikali haikutaka jina la bibi alipozaliwa. Leo mjukuu wake anaulizwa, kwa sauti ya kutuhumu, kwa nini bibi hakuandikishwa!

Na tusidhani haya ni ya zamani tu. Sensa ya mwaka 2012 ilikuta kwamba Tanzania Bara, kati ya watoto mia walio chini ya miaka mitano, kama kumi na watatu tu ndio waliokuwa na cheti cha kuzaliwa. Kumi na watatu! Hao waliobaki leo ni vijana, wengine wako kidato cha tatu na cha nne. Siku wakipata nafasi ya kwenda nje, kuna mtu atawaambia ni wazembe.

Basi nikaanza safari ya kiapo. Barua ya mwenyekiti wa kitongoji, barua ya mtendaji wa kijiji, barua ya mtendaji wa kata, wazee wawili wanaomjua baba tangu utoto, wakili wa kuandika na kugonga muhuri. Likizo nzima niliimaliza kwenye bodaboda. Mtendaji mmoja alikuwa kwenye kikao, siku ya pili alikuwa kwenye msiba, siku ya tatu muhuri ulikuwa umesafiri naye. Haya nayapita haraka kwa sababu kila mtu aliyezaliwa kijijini anayajua. Hayo siyaiti uonevu, hayo ni usumbufu wa kawaida wa nchi yetu.

Uonevu ulikuja baadaye, kwenye ofisi moja ambayo siitaji, wala siutaji mji wake. Sitaki mtu mmoja abebe lawama ambayo ni ya wengi, maana swali nililoulizwa pale nilikuwa nimeshaulizwa sehemu nyingine mbili kwa maneno mengine.

Nilifika nikaamkia, shikamoo mzee, marahaba kijana, nikaweka bahasha. Akafungua kiapo cha baba akasoma taratibu.

"Baba yako amezaliwa Kasulu."

"Ndiyo mzee."

"Mwaka 1972." Akaweka kalamu chini. "Unajua 1972 kuliingia watu gani Kigoma?"

Nikasema najua, Warundi waliokuwa wanakimbia mauaji.

"Na kijiji chenu kiko karibu na Mtabila."

Nikaona nimsaidie. Nikamweleza kwamba kambi ya Mtabila ilifunguliwa miaka ya tisini, baada ya vita vilivyoanza Burundi mwaka 1993, na wakati huo baba alikuwa mtu mzima wa miaka ishirini na moja, analima mahindi na maharage, na waliokuja 1972 wengi wao walipelekwa Ulyankulu, Katumba na Mishamo, siyo kijijini kwetu. Nikadhani nimejibu vizuri kabisa, kama niko kwenye chumba cha mtihani.

Akanitazama. "Mbona unazijua sana habari za wakimbizi?"

Wadau, mnaona mtego ulivyo? Usipojua, wewe si mtu wa huku. Ukijua, basi kuna namna unajua.

Halafu akaniambia niongee Kiha. Nikaongea. Nikamsalimia hata kwa mwakeye ya bibi. Lakini Kiha na Kirundi ni ndugu, watu wa Heru Juu na watu wa ng'ambo ya Manyovu wanaelewana bila mkalimani, sasa mtu asiyejua lugha yoyote kati ya hizo mbili atapima nini? Mtihani ambao msahihishaji hana majibu.

Hapo ndipo nilipofanya kitu ambacho bado kinaniuma. Nilipandisha sauti, watu wote kwenye benchi wakasikia: "Mzee, mimi SIYO Mrundi!" Nililisema neno hilo kama mtu anayekana wizi. Nyuma yangu alikuwa amekaa mama mmoja na mtoto mgongoni na bahasha yake. Aliinamisha uso. Sijui alikuwa nani wala alikuwa anatafuta nini. Lakini aliinamisha uso.

Nikaambiwa nirudi na ushahidi wa bibi.

Sasa turudi kwa mshkaji wangu wa chumba. Nilipomsimulia alisema, kwa nia njema tu, "Lakini kaka, mpakani lazima wachunguze, hata mimi ningechunguza." Halafu akaongeza: "Na Mtabila naijua bwana, nilipiga kwata pale."

Ni kweli, alipiga kwata pale. Alipomaliza kidato cha sita alipangiwa JKT kwa mujibu wa sheria, akapelekwa Mtabila. Kwake Mtabila ni mchakamchaka saa kumi alfajiri, baridi ya milimani, na uji. Hakujua kwamba alikuwa anakimbia juu ya mahali palipokuwa na mji mzima, wenye soko, makanisa, zahanati na makaburi. Simlaumu, nani angemwambia? Lakini kama tunabishana kuhusu uchunguzi, lazima tujue kilichotokea pale mwaka 2012, kwa sababu hoja yangu yote imesimama juu ya mwaka huo.

Kabla ya kuifunga Mtabila, kila familia ilihojiwa. Kaya kwa kaya, watu waliitwa na kuulizwa kwa nini bado wanaogopa kurudi. Kati yao karibu 2,700 walionekana bado wanahitaji ulinzi, wakahamishiwa Nyarugusu. Waliobaki, zaidi ya 37,000, walivuliwa hadhi ya ukimbizi tarehe 1 Agosti 2012. Kuanzia mwisho wa Oktoba hadi Desemba magari yalisomba watu kupitia Manyovu kuelekea Makamba, kama 34,000 kwa jumla, na mwaka ulipokwisha kambi ikawa imefungwa.

Fikirini kazi hiyo. Majina, namba za kaya, waliozaliwa kambini, waliooana kambini, nani yuko na nani hayupo. Serikali na mashirika walijua kila kichwa. Yaani kama kuna watu mkoani Kigoma ambao waliwahi kuandikwa kwa ukamilifu ni watu wa Mtabila. Sisi wa vijiji vya jirani ndio hatukuwa na karatasi! Mtoto akizaliwa kambini aliingizwa kwenye orodha, kwa sababu bila orodha hakuna posho. Mtoto akizaliwa upande wetu alipewa kadi ya kliniki, na panya wakiila, basi.

Kwa hiyo swali langu ni rahisi. Mnaposhuku kwamba familia yangu ilitoka Mtabila, orodha ya Mtabila iko wapi? Fungueni mtafute jina la baba. Mkilikuta, niiteni nijieleze. Msipolikuta, niachieni bahasha yangu. Haiwezekani mwaka 2012 mwe na uhakika wa kutosha kumpandisha mtu kwenye lori, halafu leo msiwe na uhakika wa kutosha kumwambia jirani yake kwamba hakuwemo kwenye lori lile. Kambini, wafanyakazi wa Wizara ya Mambo ya Ndani walikuwa wanaitwa kwa herufi tatu, MHA. Utotoni nilidhani wote ni watu wa kabila letu. Najikuta nacheka peke yangu kila nikikumbuka... wizara ina jina langu, na bado natakiwa nijitambulishe.

Najua kuna jibu. Wapo waliokuja 1972 ambao hawakukaa kambini wala kwenye makazi, walijichanganya vijijini, wakaoa, wakalima, na orodha ya Mtabila haiwahusu. Kweli. Na wapo watu wa kijijini, nawajua, waliouza barua za mtendaji kwa bei ya mbuzi. Hilo nalo kweli, siwezi kulificha eti kwa sababu nimekasirika. Nchi ina haki ya kujua inampa nani kitabu chake. Mwenzangu wa chumba hapo ana hoja.

Lakini uchunguzi ni kazi ya mchunguzi. Kilichopo sasa ni kwamba mchunguzi anashuku, halafu anayeshukiwa ndiye anayetumwa kwenda kuchunguza, kwa nauli yake, na akirudi na jibu anatumwa kizazi kingine nyuma. Leo ushahidi wa baba, kesho wa bibi, keshokutwa nitaambiwa nilete wa mama yake bibi, ambaye alizaliwa kabla Mjerumani hajajua Kasulu iko wapi. Ukienda nyuma kiasi hicho hakuna Mtanzania hata mmoja, wa Moshi, wa Lindi wala wa Magomeni. Hata huo mpaka wenyewe haukuwepo, ulikuja kuchorwa na wakubwa wa Ulaya waliokuwa wanagawana.

Na mbona kwenye mambo mengine hakuna swali? Nilipoitwa JKT nami, hakuna aliyeniuliza bibi alizaliwa wapi, niliulizwa namba ya kiatu. Kupiga kura nimepiga. Baba amechangia madawati, maabara na mwenge. Namba ya NIDA nimepewa baada ya kuhojiwa kijijini mbele ya watu, na NIDA iliundwa mwaka 2008 kwa kazi hiyohiyo ya kumtambua mtu. Kama hiyo namba haitoshi kunitambua, basi tuambiwe inatosha nini, zaidi ya kusajili laini ya simu.

Wengine mtasema ni jambo dogo, ofisa mmoja ameamka vibaya. Kumbukeni basi mwaka 2001. Jenerali Ulimwengu, mwandishi ambaye wengi wetu tumesoma makala zake, mtu aliyekuwa amekaa bungeni, alitangazwa kuwa si raia wa Tanzania, pamoja na wengine watatu. Mbunge! Ilibidi baadaye apewe uraia kwa maombi kama mgeni. Naye ni mtu wa upande huohuo wa nchi, wa Kagera, mpakani. Kama mtu mwenye jina kubwa namna ile, mwenye magazeti, alifikishwa hapo, mtoto wa mkulima wa maharage mwenye bahasha ya kaki ajiamini kwa lipi?

Tena huo mwaka 1972 wenyewe unavyotumika haueleweki. Zaidi ya watu 162,000 wa makazi ya Ulyankulu, Katumba na Mishamo walikubaliwa uraia mwaka 2010, na vyeti vyao vikaanza kutolewa 2014 baada ya kusubiri miaka. Ni Watanzania sasa, kwa sheria, kama mimi. Wakati ule tulisifiwa dunia nzima, na tulistahili. Mwalimu Nyerere alishapewa nishani ya Nansen mwaka 1983 kwa ajili ya ukarimu huo. Huyo Nansen ni Mnorwe aliyebuni, mwaka 1922, cheti cha kusafiria kwa watu ambao nchi zao zimewatupa. Watu wakavuka mipaka ya Ulaya kwa karatasi yenye jina lake. Nchi iliyopokea nishani yenye jina la mtu wa pasipoti za wakimbizi, leo 1972 imekuwa ndani yake tarehe ya kumtilia mtu mashaka.

Hapa ninapaswa kumleta mtu mmoja. Jina lake silitaji, kwa usalama wake.

Tulikuwa rika. Yeye wa kambini, mimi wa kijijini. Tulikutana sokoni, mama zetu walikuwa wanabadilishana, sisi ndizi na maharage, wao mafuta ya msaada na sabuni. Mwaka 2009 shule za Mtabila zilifungwa, lengo likiwa watu wachoke warudi kwao. Mimi ndio nilikuwa naanza darasa la kwanza, na yeye hakuwa na pa kuanzia. Jioni alikuwa ananisubiri nitoke, ananinyang'anya daftari, ananifanyia hesabu zote halafu ananicheka. Kuna mitihani ya darasa la tatu niliyofaulu kwa akili za mtoto asiyekuwa na shule. Desemba 2012 nilikwenda na ndizi nikakuta wameshapelekwa, na kuta za nyumba yao zimesukumwa chini.

Mwaka 2015 Burundi ikachafuka tena. Watu walijazana Kagunga kando ya ziwa, kipindupindu kikawafuata hapo, kisha wakaja Nyarugusu, na baadaye Nduta na Mtendeli zikafunguliwa upya. Familia yake ilikuwa miongoni mwao. Alivuka mpaka uleule aliovushwa miaka mitatu kabla. Yuko Nyarugusu mpaka leo.

Tunawasiliana kwa simu, mtandao ukikubali. Nilimsimulia habari ya ofisi, nikaruka kile kipande cha "siyo Mrundi". Akauliza natakiwa niwe na karatasi gani, nikamtajia moja moja. Akacheka sana. Akasema yeye anazo zote za namna hiyo: jina lake, la baba yake, la babu, kilima walichotoka, namba ya kaya, vidole kumi na mboni za macho, vyote vimehifadhiwa kwenye kompyuta. "Mimi najulikana kuliko wewe," akasema. "Ninachokosa ni kibali cha kutoka nje ya geti."

Na ni kweli. Kwa sheria yetu ya wakimbizi ya mwaka 1998, anatakiwa awe na kibali ili atoke kambini, hata kama anakwenda Kasulu mjini kununua kalamu. Mkataba wa mwaka 1951 kuhusu wakimbizi, ambao Tanzania iliingia 1964, unazungumzia hati ya kusafiria kwa wakimbizi, ndugu ya kile cheti cha Nansen. Ipo kwenye kitabu. Lakini mwambie kijana wa Nyarugusu mwenye akili za hesabu akajaze fomu ya kubadilishana wanafunzi, uone atakavyokutazama. Kaka yangu anakumbuka miaka ya 2007 na kuendelea, baadhi ya familia za Warundi wa 1972 zilipopelekwa Marekani. Kila familia ilibeba mfuko mweupe wa plastiki wenye nembo ya IOM, ndani mna karatasi zao zote, na mfuko huo haufunguliwi mpaka ukabidhiwe kwa ofisa wa huko uwanja wa ndege. Wengi wao hawakuwahi kuingia kwenye ndege maishani. Nauli yenyewe ilikuwa mkopo, walitia saini kwamba watalipa wakishafika. Lakini mfuko ulikuwa umekamilika. Watu wa kijijini waliuona wakasema hawa wamebarikiwa.

Kwa hiyo sijaandika haya ili mniambie pole, wewe ni raia kweli, wale ndio wasio raia. Hapo ndipo nilipokosea mimi mwenyewe kwenye benchi la ofisi ile. Ukikubali kwamba kuitwa Mrundi ni tusi, umeshampa yule mzee kalamu yake. Yeye akiendelea kuitumia mwaka wote, sisi Waha tutakuwa tunaapa foleni nzima kwamba siyo sisi, ni wale, na mama wa nyuma yetu anainamisha uso.

Ninachodai ni kidogo. Mwenye mashaka ayaandike. Aandike kwenye karatasi ya serikali, kwa jina lake na saini yake: namshuku fulani kwa sababu hii na hii, na nimeangalia orodha hii na hii nikakuta hivi. Siyo kwa mdomo, siyo kwa kuweka kalamu chini. Tunaombwa saini tano ili tuaminiwe, na anayetushuku haachi hata alama moja ya kidole. Nina hakika mashaka mengi yangekufa hapohapo kwa kukosa cha kuandika. Kijiji karibu na Mtabila si sababu. Mwaka 1972 si sababu. Lafudhi si sababu, na nyie mnaonicheka darasani ninavyotamka baadhi ya maneno, mnajijua.

Na hilo tangazo la idarani libandikwe upya. Nimeshakwenda kumwona mhusika, mama mmoja mwelewa, amekubali kuongeza mstari juu ya neno pasipoti: ANZA NA KARATASI ZA WAZAZI WAKO, MWAKA WA KWANZA. Wadogo zangu mlioingia mwaka huu kutoka Kasulu, Kibondo, Kakonko, Buhigwe, Ngara na Kyerwa, msisubiri kuchaguliwa kwenda popote. Likizo hii kaeni na babu na bibi muandike tarehe, majina ya vijiji vya zamani kabla ya operesheni, na majina ya majirani waliokuwepo. Nilitumia jioni tatu na bibi. Alinitajia watu kumi na wanne waliokuwepo siku baba alipozaliwa. Kumi na mmoja wameshakufa. Mmoja hakumbuki kitu. Wamebaki wawili, na mmoja wao yuko Uvinza kwa binti yake.

Kesho asubuhi baba anampeleka bibi kwa wakili, Kasulu mjini. Hajui kuandika, ataweka dole gumba. Jana usiku alinipigia kwa simu ya baba, akaniuliza hicho kiapo anatakiwa aape nini hasa. Nikamwambia, bibi, unaapa kwamba ulimzaa baba hapo alipozaliwa. Akanyamaza kidogo. Halafu akauliza kama huko Ujerumani nako wataniuliza habari zake, kwa sababu kama wataniuliza, angependa nimpeleke kupiga picha kwanza akiwa amevaa kitenge kipya.

Miadi ya ubalozini Dar ni tarehe 19. Kutoka Kigoma hadi Dar kwa reli ni zaidi ya kilomita 1,200, kiapo kitasafiri kwa basi na dereva ambaye ni jirani yetu, nitakwenda kukipokea stendi mwenyewe. Pasipoti bado. Nikirudi kwenye lile benchi nitawaandikia.